Bustani Mbili, Pipa Moja

Tulipohamia nyumba ile ya Milimani, kabla sijafungua hata sanduku moja, nilizunguka kiwanja chote kwa miguu na kuamua mahali nitakapopanda nyanya. Ilikuwa karibu na mwisho wa miaka ya sitini. Mume wangu alikuwa amepandishwa cheo katika ofisi ya barabara, na nyumba ilikuja pamoja na cheo: kuta nene, veranda ya sakafu nyekundu, na mbele yake nyasi fupi zilizoteremka hadi kwenye ua wa miti ya miiba. Ukisimama kwenye ngazi ya veranda uliliona ziwa, mara chache la buluu, mara nyingi la kijivu. Mzungu aliyekaa hapo kabla yetu alikuwa amepanga mawe pande zote mbili za njia na kuyapaka chokaa. Aliacha pia mawaridi machache yaliyochoka na mpira wa maji uliopasuka katikati.

Kwetu nilikozaliwa ardhi ilikuwa ya chakula tu. Mama yangu hakuwahi kupanda kitu kisichoingia chunguni. Lakini nilipokuwa chuo cha ualimu, mwalimu wetu mmoja alimgawia kila mwanafunzi kipande cha udongo kama mkeka, tupande tunachotaka, nami nikapanda zinia. Zilipochanua, nyekundu na za rangi ya machungwa, nilikuwa naamka mapema kuzitazama kabla ya kengele. Tangu hapo nilitamani bustani yangu mwenyewe, na Milimani niliipata.

Mwaka wa kwanza nilifanya kazi ndogondogo jioni, nikitoka shuleni nilikofundisha. Mpira uliopasuka niliufunga kwa tyubu ya baiskeli. Miche niliiotesha kwenye makopo matupu ya mafuta ya kupikia, nikayapanga kivulini kando ya jikoni. Jirani yetu, mama wa Kihindi ambaye mumewe alikuwa na duka la vitambaa mjini, alinipitishia mbegu za dhania na pilipili juu ya ua, zimefungwa katika kipande cha gazeti. Nilimpa zinia, naye aliziweka kwenye bilauri mbele ya picha za miungu yake. Hatukuwa na mtoto bado. Mume wangu akirudi kazini alinikuta nimepiga magoti kwenye udongo, akacheka, akaleta kiti akakaa karibu nami na chai yake.

Mwaka uliofuata, mvua ya masika ilipokolea, mto ulivunja kingo zake huko nyanda za Kano. Mama mkwe wangu, ambaye alikuwa mjane, aliishi peke yake katika boma lao upande wa Ahero, na maji yaliiangusha nyumba yake ya udongo. Mume wangu alikwenda kumchukua. Walirudi jioni, yeye amelowa hadi kifuani, mama yake amekaa kimya kwenye kiti cha mbele cha gari la ofisi na kikapu mapajani. Ndani ya kikapu mlikuwa na kuku mmoja, na hakuna kingine.

Kwa desturi yetu, mama halali chini ya paa moja na mwanawe aliyeoa. Nilikuwa nimemtandikia chumba cha wageni, naye alikitazama kutoka mlangoni, akashukuru, kisha akauliza ile nyumba ndogo ya nyuma ni ya nani. Ilikuwa imejengwa kwa ajili ya watumishi wa Mzungu, nasi tulikuwa tunaweka humo jembe na makaa. Mume wangu aliipaka rangi, akaweka mlango mpya na kitanda kizuri. Hata hivyo Milimani palikuwa na watu wa kila kabila, na si wote walioijua desturi yetu. Jumapili moja, nje ya kanisa, mke wa afisa mmoja aliniuliza huku akitabasamu, "Nasikia mama mkwe wako anakaa kule nyuma?" Nilimweleza. Alitikisa kichwa kukubali, lakini macho yake hayakukubali.

Mbele ya watu mama mkwe aliniita mwanangu. Tukibaki wawili hakuniita chochote. Mimi nilimwita Mama, nikampelekea chai asubuhi, nikampelekea chakula mchana na jioni, naye alipokea kwa mikono miwili na kusema asante kwa sauti ndogo. Hatukugombana. Pengine tungegombana mapema, hewa ingesafika. Miezi ilipita akiwa amekaa kwenye kizingiti chake, uso ameuelekeza mashariki, upande wa Ahero. Kila mume wangu alipopita kumsalimu alimuuliza jambo lile lile, "Maji yameshuka?" Naye alijibu, "Tutaona, Mama."

Kiangazi kilipoanza, shule zikafungwa, nami nikawa nyumbani kutwa. Nilikuwa nimejiwekea kazi nyingi kwa likizo ile. Nilitaka kutengeneza chanja cha matete cha kuegemezea nyanya, kupanda zinia kando ya njia yote, na kuyafufua yale mawaridi kwa samadi. Wiki hiyo hiyo mama mkwe alimwomba mwanawe jembe.

Mume wangu alifurahi. "Umeona? Ameanza kuzoea," aliniambia.

Alianza nyuma ya nyumba yake ndogo, kipande ambacho hakikumsumbua mtu. Alilima vizuri, mgongo umenyooka kuliko wangu, na baada ya muda mfupi kulikuwa na matuta ya mboga za kienyeji, mnavu, saga na mrenda. Sijui mbegu alizitoa wapi. Nadhani alizipata kwa wanawake waliopita barabarani na vikapu vyao kuelekea sokoni, maana nilimwona mara kadhaa akizungumza nao getini, akicheka, kicheko ambacho sikuwa nimekisikia tangu aje.

Kisha matuta yakaanza kusogea. Yalizunguka kona ya nyumba yake, yakapita kamba za kuanikia nguo, na asubuhi moja nilipofungua mlango wa mbele nilimkuta kwenye nyasi za Mzungu. Alikuwa amekwisha kulima kipande kama cha chumba cha kulala. Nyasi zilizong'olewa zilikuwa zimelundikwa kando, mizizi juu.

"Mama," nilisema, "hapa napo?"

"Udongo wa huku ni mweusi zaidi," alijibu, akaendelea kulima.

Siku hiyo mkubwa wa mume wangu alipita kumchukua waende kazini pamoja. Alisimama karibu na gari lake akitazama lile shimo jeusi katikati ya nyasi. Mume wangu alishuka ngazi akifunga vifungo vya koti.

"Ni mama yangu," alisema kabla hajaulizwa.

Mkubwa wake alisema, "Aa," akaingia garini. Jioni mume wangu hakuleta kiti wala chai bustanini. Alisimama verandani akitazama matuta ya mama yake, kisha maua yangu, akaingia ndani kusoma gazeti.

Baada ya siku chache nilikuta mawe matatu ya njia hayapo. Yalikuwa nyuma, mbele ya nyumba yake, yamekuwa mafiga. Chokaa ilikuwa imeanza kuungua na kuwa ya kahawia. Juu yake palikuwa na chungu, na ndani ya chungu mnavu ukichemka na maziwa. Nilisimama pale na ndoo mkononi. Alinipakulia kwenye bakuli bila kuniuliza. Nilikula nimesimama. Sijawahi kula mnavu mtamu kama ule, na sikumwambia.

Naye hakuniambia chochote kuhusu zinia. Ila siku moja alisimama mbele yake, mikono nyuma, akauliza, "Haya yanaliwa?"

"Hapana, Mama. Ni ya kutazama tu."

"Ya kutazama," alirudia taratibu, akaondoka.

Kiangazi kilizidi kukaza. Mawingu yalijikusanya juu ya ziwa mchana, yakanguruma mbali, yakaenda kunyesha kwingine. Ardhi ilipasuka hata kivulini. Mfereji ulianza kukatika. Maji yalitoka asubuhi na mapema kwa muda mfupi, yakikohoa, kisha kimya mpaka kesho. Mume wangu alileta pipa la mafuta lililosafishwa, akaliweka chini ya mfereji wa nje, tukawa tunalijaza alfajiri. Maji ya ndani tulijaza kwenye ndoo. Ya pipa yalikuwa ya bustani.

Hapo ndipo tulipoanza kutazamana vibaya. Hakuna aliyesema nani achote kiasi gani. Mimi nilichota nikidhani yeye amekwisha kuchota, naye akachota akidhani hivyo hivyo, na kila mmoja alikuta maji yamepungua kuliko alivyoyaacha. Nilianza kuamka mapema zaidi. Nikitoka nje nilimkuta ameshaamka, ameshika debe lake alilolitoboa chini kwa msumari, ananyunyizia mrenda wake. Tulisalimiana. "Umeamkaje, Mama." "Nimeamka salama." Kisha tukainamia pipa lile moja, huyu upande huu, yule upande ule, na sauti ya makopo yakigonga chuma. Niliona aibu kuhesabu kwa macho mafuriko madogo aliyomwagia kila tuta, lakini niliyahesabu. Nina hakika naye aliyahesabu yangu.

Nyanya zangu zilikuwa zimefika pabaya. Zilikuwa zimezaa, za kijani, zimejaa kwenye chanja nilichokitengeneza kwa mikono yangu, na zilihitaji maji kila siku, bila hivyo zingepasuka au kudondoka. Jirani yangu wa Kihindi alizitazama juu ya ua. "Mama, hii ikikosa maji leo, kesho kwisha," aliniambia. Nilijua.

Siku moja nililazimika kwenda shuleni, kulikuwa na mkutano wa walimu. Mume wangu alikuwa safarini kukagua barabara upande wa Busia, angerudi kesho yake. Asubuhi niliacha nusu ya pipa kwa makusudi, nikalifunika kwa bati ili nikirudi alasiri, jua likipungua, nimwagilie nyanya. Niliporudi, bati lilikuwa chini na pipa lilikuwa tupu. Kwenye nyasi zilizolimwa, matuta yote ya mama mkwe yalikuwa yamelowa, udongo unang'aa. Nyanya zangu zilikuwa zimeinamisha vichwa, majani yamejikunja kama karatasi iliyoshikwa na moto.

Yeye alikuwa hapo hapo, anapalilia.

Nilikuwa na vumbi la barabarani usoni na kiu kooni. Nilisema, "Mama, hii ni bustani yangu."

Sikupaza sauti. Nilisema kwa utulivu, na nadhani utulivu ndio ulioyafanya maneno yawe mabaya. Alinyoosha mgongo akanitazama kwa mara ya kwanza kwa muda mrefu, kana kwamba alikuwa anasubiri niseme zaidi.

"Ni kweli," alisema.

Aliweka debe chini, akapangusa mikono kwenye leso, akaenda kwenye nyumba yake. Jioni nilimpelekea chakula. Alikipokea kwa mikono miwili.

Asubuhi hakukuwa na mtu kwenye pipa. Nilijaza maji peke yangu, nikamwagilia nyanya, kisha nikajisikia vibaya, nikamwagilia na matuta yake. Hapo niliona mashimo. Katika kila tuta, miche iliyokuwa imara zaidi ilikuwa imeng'olewa pamoja na udongo wake. Nilikwenda kubisha kwake. Mlango ulifunguka wenyewe. Kitanda kilikuwa kimetandikwa, blanketi limekunjwa juu yake. Kikapu hakikuwapo. Jembe pia. Kuku alikuwa amefungiwa chini ya tenga na maji karibu yake.

Nilizunguka nyumba nikiita. Jirani alitokeza kichwa juu ya ua.

"Mama mzee ametoka mapema sana," alisema. "Mimi nachuma maua ya sala, naona yeye anapita. Kikapu kichwani, jembe mkononi. Nasalimu, yeye nasalimu vizuri. Hakuna hasira."

"Ameelekea wapi?"

Alionyesha barabara ya kuteremka mjini.

Mume wangu angerudi jioni. Nilijiona nikisimama verandani kumwambia kwamba mama yake, aliyemtoa ndani ya maji, ametoka nyumbani kwetu kwa miguu, kwa sababu ya nyanya. Nilifunga mlango, nikamwomba jirani amtazame kuku, nikateremka mpaka kituo cha mabasi. Mpiga debe wa mabasi ya Ahero alimkumbuka mama mwenye jembe, maana walibishana kama jembe litakaa ndani au juu. Nikapanda basi lililofuata.

Kutoka Ahero nilitembea kandokando ya mfereji wa mashamba ya mpunga, kisha nikakata kushoto kwenye njia ya ng'ombe. Jua lilikuwa kali, na njia nzima nilikuwa natafuta maneno ya kumwambia. Sikuwa nimefika pale tangu mafuriko. Ua wa minyaa ulikuwa bado umesimama, lakini nusu yake ya chini ilikuwa ya rangi ya matope. Nyumba ilikuwa kichuguu cha udongo na nguzo mbili. Mahali palipokuwa uwanja uliofagiliwa, mto ulikuwa umeacha mchanga mpaka kifundoni. Kaburi la baba mkwe lilikuwa upande wa pili, nalo limefunikwa na mchanga, ila mtu alikuwa amelifagia muda si mrefu.

Mama mkwe alikuwa anachimba. Alikuwa ameondoa mchanga mpaka akaufikia udongo mweusi, na miche kutoka Milimani ilikuwa kikapuni, imefunikwa kwa majani mabichi.

"Umenifuata," alisema.

"Ndiyo, Mama."

"Nani amebaki nyumbani?"

"Hakuna. Nimefunga."

Aliinama tena. "Basi shika ile ndoo niliyoazima. Maji yako kwenye mfereji wa mpunga."

Nilikwenda, nikachota, nikarudi. Nilimwagilia mashimo naye akapanda. Tulimaliza mstari mmoja, kisha nikashindwa kuvumilia.

"Mama, kuhusu maneno ya jana."

"Maneno gani?"

"Niliposema bustani ni yangu."

"Kwani si yako?" Alikaa kwenye ukingo wa shimo, akanyoosha miguu. "Usifikiri nimetoka kwa ajili ya pipa la maji. Mimi si mtoto. Tangu ardhi ilipokauka nimetaka kurudi. Kila nikimwambia mwanangu, ananijibu kama daktari anavyomjibu mgonjwa. Tutaona, Mama. Tutaona, Mama. Mvua ikinikuta bado niko kule, mwaka umekwenda, na mwaka mwingine utakwenda vivyo hivyo. Pale kwako nalima nisipate wazimu. Nilikuwa nangoja tu asiwepo, kwa sababu angekuwepo angenirudisha."

"Atakuja kukuchukua tena."

"Najua," alisema. "Wewe utamwambia nini?"

Niliitazama nguzo moja iliyoinama, na alama ya maji juu yake, juu kuliko kichwa changu.

"Maji yatarudi, Mama."

"Yatarudi. Yamekuwa yakirudi tangu nilipoolewa. Baba yenu alikuwa anainua sakafu kila baada ya miaka michache. Alipokufa hakuna aliyeinua."

Alisema atalala kwa mke wa shemeji yake, boma la jirani, na kweli mama yule alikuja kunisalimu akiwa na uji. Jioni nilirudi mjini peke yangu, kucha zimejaa udongo wa Kano.

Mume wangu alikuwa ameshafika. Alikuwa amesimama kwenye ngazi, bado na viatu vya safari, na nilijua jirani amekwisha kumwambia.

"Yuko wapi?"

"Nyumbani kwake. Ni mzima."

"Hana nyumba. Ulimwambia nini?"

Nilimweleza yote, na maneno yangu ya jana nayo, kwa sababu angeyasikia hata hivyo. Alinisikiliza akitazama nyanya.

"Umemfukuza," alisema.

"Alitoka mwenyewe. Anataka umjengee."

"Na wewe unataka nimjengee ili ubaki na maua yako."

Tulikuwa tumeishi pamoja bila kuwahi kuambiana neno kama hilo.

"Ndiyo, naitaka bustani yangu," nilimjibu. "Naye anataka yake. Sioni kwa nini mmoja wetu awe mwongo."

Nilidhani ataondoka. Badala yake alikaa kwenye ngazi, taratibu, kama mtu anayeumwa mgongo. Kisha alinieleza jambo ambalo miezi yote ile hakuwa amenieleza. Siku ile ya mafuriko alimkuta mama yake ndani, amekaa juu ya kitanda, maji yanafika kwenye godoro. Alimwambia twende, akakataa. Mama alimwambia mwanawe amwache, kwamba yeye ni mzee, kwamba mumewe yuko pale nje. Mume wangu alimbeba kwa nguvu mgongoni, naye alimpiga mabega njia nzima, akilia, mpaka walipofika penye barabara. Ukuta ulianguka nyuma yao kabla hawajatoka ua wa minyaa.

"Nikimjengea pale," alisema, "ni mimi nitakayekuwa nimemrudisha ndani ya maji."

Nilikaa karibu naye. Nilimwambia tu nilichoelezwa, kwamba baba yake alikuwa anainua sakafu.

"Nakumbuka," alisema. "Tulibeba udongo kwa karai."

Kesho yake alikwenda Ahero peke yake, akarudi bila mama yake. Nilingoja aseme kitu. Alikula, akanawa, akachukua kalamu na karatasi akaanza kuchora mraba na mishale. Alikuwa mtu wa barabara, na jambo alilolijua vizuri kuliko yote lilikuwa kuinua ardhi juu ya maji.

Wikiendi zote zilizobaki za kiangazi kile tulizimalizia Kano. Vijana wa ukoo walibeba udongo, wanaume wakaushindilia kwa magogo, mpaka pakawa na kilima kilichonifika kifuani, pande zake zimepandwa nyasi zisimomonyoke. Nyasi zile tulizitoa Milimani, zile zile mama mkwe alizozing'oa na kuzilundika, maana chini ya lundo zilikuwa bado hai. Nyumba ilijengwa juu yake. Mimi na wanawake wengine tulikandika kuta. Mama mkwe alizunguka kila mtu akikosoa, na mume wangu alimjibu kwa ukali mara kadhaa, naye akamjibu kwa ukali zaidi. Hawakuwa wameelewana. Kila jioni alipotoka kule, mume wangu aliupima mto kwa macho tulipopita darajani.

Nyanya zilizookoka tulizila. Nyingi zilikuwa zimepasuka, lakini zilikuwa tamu. Nilijikuta nimeyaacha matuta ya mnavu mahali pake kwenye nyasi, nikichuma kila baada ya siku chache, na mkubwa wa mume wangu hakusema lolote tena, au hatukusikia.

Masika yalianza taratibu, kisha yakaja yote kwa pamoja. Bustani ilifurahi. Zinia zilifika kiunoni, mrenda ukatambaa hadi kwenye njia, na mimi nilizichukia zile mvua. Kila tone lililopiga bati lilikuwa linakwenda Kano. Mume wangu alisimama dirishani. Tulisikia kwamba barabara ya Ahero imefunikwa, kisha hatukusikia kitu kingine. Siku zikapita. Nilikwenda bustanini kung'oa magugu nisimwone akitembea chumba hadi chumba, na mikono yangu iling'oa magugu na maua bila kutofautisha.

Mvua ilipopumzika, ofisi yake ilituma lori kukagua barabara, nami nikapanda. Hakunikataza. Lori lilifika lilipoweza, tukashuka, tukavua viatu. Maji yalikuwa ya kahawia, ya vuguvugu, yanafika magotini, halafu mapajani. Yeye alitangulia akipima kwa fimbo. Mabua ya mpunga yaligusa miguu yangu chini ya maji, na kila yaliponigusa niliruka.

Tulipopita mti wa mwisho tuliona ua wa minyaa, na ndani yake maji pande zote, na katikati kile kilima, na juu yake nyumba, na kutoka paa la nyumba moshi.

Mume wangu alisimama. Nilimshika mkono, na ulikuwa baridi. Kisha alianza kwenda haraka, akipiga maji, fimbo ameitupa.

Mama mkwe alikuwa mlangoni, kuku wote wa jirani wamemzunguka. Maji yalikuwa chini ya kizingiti, mkono mmoja hivi. Matuta aliyopanda kule chini yalikuwa yamepotea kabisa, lakini hakuyatazama. Alimtazama mwanawe, aliyelowa hadi kifuani, amesimama chini ya kilima akihema.

"Mmekuja na chumvi?" aliuliza. "Imeniishia."

Hatukuwa na chumvi. Nilidhani atakasirika. Kumbe mume wangu aligeuka, akaanza kurudi kwenye maji yale yale kuelekea maduka ya Ahero, mabega yakitikisika, na kwa nyuma sikuweza kujua kama anacheka au analia. Mama yake alimwita asiende, mambo ya chumvi yangeweza kungoja. Hakugeuka.

"Mwache," nilisema.

Nilipanda kilima kwa mikono na miguu, maana udongo ulikuwa unateleza, naye alininyooshea mkono akanivuta juu. Alinipa leso kavu. Ndani, moto ulikuwa umewashwa na chungu kilikuwa juu yake.

"Kaa, mwanangu," alisema. Hapakuwa na mtu mwingine ndani.